Niliangushwa na Sado ya Viazi

Siku ile tulivuna viazi tangu alfajiri, shambani kwetu juu ya Isyonje, kando ya barabara inayopanda kwenda Kitulo. Ilikuwa Machi, na huku Rungwe, mkoani Mbeya, Machi ni mvua. Ukungu unashuka saa nane mchana, udongo mweusi unaganda kwenye jembe na kwenye mabuti, na kila mtu anafanya haraka kwa sababu fuso ikikutwa na mvua shambani inazama na kulala hapo hapo na mzigo wake.

Wapakiaji walitakiwa wawe wanne, wakaja watatu. Nafasi ya wa nne nikaijaza mimi. Hakuna aliyeniambia, niliona tu wingu limeukalia Mlima Rungwe na mnunuzi anaangalia saa kila mara. Nikawa nashika kona ya gunia linapoinuliwa, nalisukuma kwa goti, nalizuia lisirudi. Na magunia yalikuwa ya lumbesa. Kwa asiyeijua, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha viazi juu yake na kushonewa kwa kamba, hata gunia la kilo 100 likafika 130 na zaidi. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Kilemba ni chake bure.

Nilishika kona za lumbesa hadi fuso ikajaa. Sikuumia. Gari likaondoka, vijana wakanawa mikono, nami nikabaki kuokota viazi vilivyosalia. Saa kumi na moja jioni nikainama kuchukua sado ya viazi vya kwenda kupika. Sado moja, lile kopo la kupimia sokoni, kilo tatu au nne hivi, kitu ambacho binti yangu wa darasa la sita anabeba huku anaimba.

Nikasikia kama uzi umekatika ndani ya kiuno, upande wa kushoto. Halafu kiuno kikafunga. Sikuweza kunyooka, sikuweza kukaa. Nilipiga magoti kwenye matuta, viganja vikiwa udongoni, sado imepinduka mbele yangu, nikabaki hivyo hadi mume wangu akaja kuangalia kwa nini sijarudi. Akadhani nasali.

Siku zilizofuata, kila aliyekuja kunipa pole aliuliza umebeba nini, na nikijibu sado, ananitazama kama mtu anayeficha jambo. Jirani mmoja akasema nimerushiwa. Mwingine akasema baridi imeingia kiunoni. Hata mimi sikuelewa: lumbesa zote zile zimenipitia, halafu sado? Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Mgongo unachoshwa siku nzima, misuli inaishiwa nguvu, na kuinama kule kwa mwisho, hata kama ni kuokota kijiko, ndiko kunakokuta hakuna tena cha kuuzuia. Sado ilikuwa ya mwisho tu kwenye foleni.

Usiku wa kwanza siwezi kuusahau. Kugeuka kitandani lilikuwa jambo la kupanga kwanza. Kikohozi kilinitoa machozi. Na choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, hatua thelathini na kitu kwenye matope, na ni cha kuchuchumaa. Hili watu hawalizungumzi, lakini mwanamke aliyeumia kiuno kijijini mtihani wake wa kwanza ni choo. Nilianza kujinyima maji ili nisiende, jambo baya sana, kwa sababu nilipata choo kigumu, na kujikamua kwenye kiuno kilichofunga ni adhabu. Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alimwambia mume wangu achukue kiti cha mbao kilichovunjika, akate tundu katikati, akiweke juu ya shimo. Kisha akachimbia mti mnene pembeni ili nishike ninapoinuka. Hakuongea maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, kunywa maji. Kiti kipo."

Yeye huyo ndiye aliyenifundisha kutoka kitandani. Alikuwa amewahi kuumia kiuno zamani, enzi za kuchuma pareto milimani. Usijiinue ukiwa chali. Geuka kwanza ulale ubavu, mwili wote kwa pamoja kama gogo, shusha miguu chini ya kitanda, halafu sukuma godoro kwa mkono na kiwiko. Miguu inaposhuka, kiwiliwili kinapanda chenyewe. Na ukilala ubavu, weka blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Mpaka leo, asubuhi za baridi ya Juni, naamka hivyo.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye zahanati moja. Sitaitaja, na aliyenihudumia naamini alitaka kunisaidia. Alinichoma sindano ya maumivu, akanipa vidonge vya diklofenaki, kisha akaniambia maneno mawili ambayo yaliniumiza kuliko ile sado. La kwanza, nilale juu ya ubao mwezi mzima. La pili, nisiiname tena maishani.

Nisiiname tena. Mwanamke wa Rungwe asiyeinama atakula nini? Kuni ziko chini. Mafiga yako chini. Viazi viko chini ya udongo. Mtoto mdogo anaokotwa kutoka chini. Nililala kwenye ubao ule nikihesabu vitu vyote vilivyoko chini, na kila kimoja nikakiona kimefungwa mlango. Binti yangu alianza kuchelewa shule kwa sababu ya kuchota maji. Nilikuwa namsikia ndoo inamgonga mlangoni, nami nimelala nikitazama mabati.

Nililala siku tisa. Vidonge nilivimeza bila kula, kwa sababu hamu ya chakula haikuwepo, na tumbo likaanza kuwaka moto. Miguu ikalegea. Nikisimama kwenda chooni natetemeka. Maumivu hayakupungua, yalibadilika tu, yakawa mazito, na kiuno kikakauka kama ngozi iliyoanikwa.

Mwishoni mwa siku hizo akaletwa mtu anayesifika kwa kurudisha pingili. Alisema pingili yangu imetoka mahali pake. Akanipaka mafuta, akanilaza kifudifudi, akakanyaga kiuno kwa kisigino. Siwezi kusema kwa hakika kwamba yeye ndiye aliyesababisha, lakini usiku ule maumivu yakateremka: takoni, nyuma ya paja, ndani ya nyama ya mguu hadi kwenye kifundo. Yalikuwa kama umeme, yanapita na kurudi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikafa ganzi. Hapo mume wangu akasema basi, kesho tunakwenda Mbeya. Akauza nguruwe aliyekuwa akinenepeshwa kwa ajili ya ada, ili tupate pesa ya picha.

Kutoka Isyonje kushuka hadi Uyole kwenye Noah, nimelalia kiti cha nyuma, kila tuta la barabarani nililijua kwa jina lake. Lakini hospitalini nikakutana na daktari ambaye, kabla hajanigusa, aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu kiuno. Nayaandika yote hapa kwa sababu yanaweza kumwokoa mtu.

Je, mkojo unatoka wenyewe bila kujua, au unakubana lakini unagoma kutoka? Haja kubwa je? Sehemu zile zinazogusa kiti unapokaa, za siri na katikati ya mapaja, zimekufa ganzi? Miguu yote miwili imepoteza nguvu? Kama ningejibu ndiyo, alisema, nisingerudi nyumbani siku ile, kwa sababu ina maana mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Saa zinahesabika, si siku. Akaendelea. Una homa za jioni? Unatokwa jasho usiku? Umepungua mwili? Umewahi kuugua kifua kikuu, au unaishi na mwenye kifua kikuu? Nilishangaa, akanieleza kwamba kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo. Tena akaniuliza kama nyumbani tunakunywa maziwa bila kuyachemsha. Huku kwetu kwenye ng'ombe wa maziwa, brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ipo, na nayo inaweza kuuma kiunoni kwa miezi. Umewahi kuwa na saratani? Umeanguka kutoka juu? Mkojo una damu?

Vyote hapana. Akanipiga nyundo ndogo magotini na kwenye vifundo. Akaniinua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala chali, na wa kushoto ulipofika kimo cha kiti umeme ukapita. Akanipitishia pamba miguuni. Akaniomba nitembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Nilitembea, kwa kumshika mkono.

Kisha akasema picha haihitajiki.

Nilikasirika. Nguruwe ameuzwa! Alivumilia hasira yangu, akatueleza taratibu. Eksirei inaonyesha mifupa, na shida yangu haikuwa kwenye mfupa. Kiunoni kuna pingili tano, na kati ya moja na nyingine kuna diski, mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute laini ndani. Chukua ndizi mbivu, alisema, ukaibane upande mmoja bila kuimenya: inavimba upande wa pili, na ganda likichanika kidogo, nyama yake inachungulia. Diski yangu ilikuwa imechungulia hivyo na kuusumbua mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Pingili haikuwa imetoka mahali pake, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudishwa kwa kisigino wala kwa mkono. Kipimo kikubwa cha MRI kingeiona diski, lakini hata watu wasio na maumivu yoyote wakipimwa, wengi wao hukutwa na diski zilizovimba. Kingenipa jina la kuniogopesha, tiba ikabaki ile ile. Na akaongeza jambo ambalo nililishika kama mtu anayezama anavyoshika jani: kilichochungulia, mara nyingi mwili wenyewe hukila kidogo kidogo hadi kikasinyaa. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hivi, wa maumivu ya mguu huchukua muda mrefu zaidi. Kama mguu ungezidi kukosa nguvu, au wiki zingepita bila nafuu, hapo ndipo picha ingekuwa na kazi.

Nikauliza kuhusu ubao na kutoinama maishani. Hakumsema vibaya mtu. Alisema hayo ndiyo mafundisho ya zamani, na yamebadilika. Lala siku moja, mbili, ukizidiwa. Baada ya hapo kila siku ya kitandani inakuibia misuli. Akanipunguzia dawa, akaniambia nisimeze za jamii ya diklofenaki bila chakula wala kwa muda mrefu, maana huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Dawa ni ya kukuwezesha utembee, alisema. Ukimeza halafu ukalala, umeitupa.

Aliyenitembeza hasa ni dada wa mazoezi tiba, chumba cha pili kutoka pale. Mdogo kwangu kwa miaka kumi au zaidi. Aliniuliza, "Mama, unaogopa nini zaidi?" Nikasema, kuinama. Akaniletea kopo tupu la sado kutoka kona ya chumba, la kuwekea taka. Akaliweka juu ya kiti, si sakafuni. Akasema, "Lichukue." Nililichukua. Akaliweka kwenye stuli fupi. Nililichukua, jasho likinitoka. Akasema leo inatosha, la chini utalichukua nyumbani siku utakayoamua mwenyewe.

Nililia pale. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu kwa siku kumi na moja nilikuwa nimeshika mwili wangu kama yai, na mtu mmoja alikuwa amenionyesha kwamba si yai.

Yeye ndiye aliyeniambia jambo nililolirudia kila siku: kuuma hakumaanishi kwamba kuna kinachovunjika. Mshipa wa fahamu uliokasirika hulia hata kwa jambo dogo, kama mbwa aliyewahi kupigwa anavyobwekea kila mgeni. Kipimo alichonipa ni hiki: nikifanya jambo likauma kidogo, kisha maumivu yakarudi yalivyokuwa kabla ya kesho asubuhi, niendelee. Yakilala nami hadi kesho yake yamezidi, nimepitiliza, nipunguze, lakini nisiache. Na nifurahi maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi, kwa sababu ni dalili kwamba mshipa unaachiwa.

Nilianza na mparachichi ulio karibu na lango letu. Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi, mara tano kwa siku. Wiki ya pili nikatoka langoni. Kijijini kwetu hupiti nyumba ya mtu bila kusalimia, na nadhani hiyo ilikuwa tiba ambayo hospitali haikuiandika. Nafika kwenye uzio wa kwanza, "Ugonile," nasimama, naulizwa habari za kiuno, napumua, naondoka. Uzio wa pili tena hivyo. Nikawa naipima njia kwa salamu: leo salamu tatu, kesho nne. Nilipofika salamu tisa nilikuwa nimeuona mnara wa kanisa, na nikarudi bila fimbo.

Asubuhi na jioni nilitandika mkeka. Mazoezi yalikuwa machache, na sikuyafuata kwa mpangilio mzuri kila siku, maana nyumba yenye watoto haina mpangilio. Kulala chali magoti yamekunjwa, kuyaangusha magoti taratibu kulia na kushoto. Kuinua makalio kutoka kwenye mkeka na kuyashikilia nikihesabu hadi kumi. Kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Hili mwanzoni lilinishinda, baadaye ndilo lililokuwa linautoa umeme mguuni. Kupiga magoti na viganja chini, kama nilivyokuwa siku ile kwenye matuta, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja. La mwisho hilo nililichukia hadi siku niliyogundua kwamba ndivyo nilivyokaa nilipoumia, na sasa nimekaa hivyo hivyo bila kuumwa. Jioni mume wangu alinijazia chupa maji ya moto, akaifunga taulo, nikailalia. Haitibu diski, lakini inailegeza misuli ukapata usingizi.

Nilimwambia dada yule kwa aibu kuhusu mambo ya chumbani, kwa sababu mume wangu alikuwa anaogopa hata kunigusa bega. Alijibu kama anavyojibu kuhusu kufagia: ruhusa ipo, kwa mkao usiouma, mwenye maumivu ndiye anayeongoza. Nalisema kwa sababu najua wanawake wengi wanabaki na swali hilo moyoni na hakuna anayewajibu.

Mzigo niliurudisha kwa vipimo vya sokoni. Sikuwa na mizani, ila kila mwanamke anayeuza viazi ana vipimo vyake. Mwishoni mwa wiki ya tatu, asubuhi moja nikiwa peke yangu jikoni, niliiweka sado chini sakafuni, na viazi nusu. Nikaisogelea hadi miguu ikawa pande zake mbili, nikakunja magoti na nyonga, nikaivuta karibu na tumbo, nikainuka. Hakuna kilichokatika. Nikaishusha, nikaiinua tena. Baada ya siku chache nikaijaza. Wiki ya sita nilibeba ndoo mbili za lita 10, kila moja nusu, mkono huu na mkono huu, ili nisipinde. Wiki ya tisa ndoo ya lita 20, na siku hiyo nilimwambia binti yangu aende shule mapema. Mwezi wa nne tangu niumie nikashika jembe.

Na jembe nililibadilisha mpini. Hii ni hoja yangu binafsi, na ninaipigania kwa kila anayenisikiliza: mipini yetu ni mifupi mno. Tunarithi jembe la bibi, mpini umekwisha kwa kuchongwa upya kila mwaka, na tunainama nalo saa tano mfululizo. Mume wangu alinichongea mpini unaonifika kifuani. Nalima dakika ishirini, naacha, nachambua mbegu nikiwa nimesimama kwenye meza ya miti, narudi. Ninalima eneo lile lile kama zamani. Ninachelewa kumaliza kwa siku mbili tu.

Kulikuwa na kurudi nyuma, nisidanganye. Julai tulikwenda msibani Makambako. Nilikaa kwenye basi bila kusimama, nikalala chini kwenye baridi siku mbili, nikarudi nimepinda. Umeme ukarudi pajani. Kilichorudi kwa nguvu zaidi ni yale maneno ya zahanati: usiiname tena maishani. Nikalala siku nzima nikijiona nimerudi pale pale kwenye ubao. Jioni nikampigia dada wa mazoezi tiba. Akaniuliza kuhusu mkojo na ganzi, kama mara ya kwanza. Hapana. Akauliza, "Mparachichi bado upo?" Nikasema upo. Akasema, "Basi, mama, nenda." Nikaenda, hatua arobaini, gizani, mume wangu ameshika tochi. Safari hii nafuu ilichukua siku nane tu.

Baadaye nilisoma kwamba, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Nilipoiona namba hiyo sikuwafikiria watu wa mbali. Niliwafikiria wale vijana watatu wa fuso. Mimi nilipata mama mkwe wa kuniagizia kiti, mume wa kuuza nguruwe, dada wa kunipa kopo tupu. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Asipobeba leo, hali leo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanaume mmoja mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Sheria ya Vipimo ya nchi yetu, Sura ya 340, ipo, na lumbesa imepigwa marufuku. Sote tunajua, na sote tunashona vilemba, kwa sababu ukikataa wewe, mnunuzi anavuka uzio kwa jirani.

Msimu uliofuata tulikataa. Tulikaa mimi na mume wangu usiku, tukakubaliana tufungashe kwa kilo 50, basi. Mnunuzi wa kwanza alicheka akaondoka. Wa pili akaondoka bila kucheka. Viazi vilikaa ghalani siku tano, na siku hizo tano sikulala vizuri, maana ada ilikuwa inadaiwa na safari hii nguruwe hakuwepo. Wa tatu alikuwa na duka la chipsi Mwanjelwa, mjini Mbeya. Alisema magunia madogo yanamfaa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeyashusha. Bei haikuwa kubwa. Tulipakia mume wangu na mimi, watu wawili kwa gunia moja, tukihesabu moja, mbili, tatu, na majirani wakitutazama kutoka kwenye matuta yao ya lumbesa.

Jioni ya siku hiyo alikuja kijana mmoja wa wale wapakiaji. Alisimama mlangoni kwa muda, ameweka mkono nyuma ya kiuno, anazungumzia mvua. Nikamkaribisha uji. Akanywa akiwa amesimama, na mtu anayekunywa uji amesimama mimi namjua. Mwisho akasema, "Mama, eti yale mazoezi yako hata mwanaume anaweza?"

Nikamuuliza kwanza kuhusu mkojo. Akaona aibu, lakini akajibu. Nikamuuliza kuhusu ganzi, kuhusu homa, kuhusu jasho la usiku, yote kwa mpangilio nilioupokea. Kisha nikatandika mkeka karibu na moto, nikamwambia avue mabuti, alale chali, akunje magoti.